Saa sita mchana Nyari: kisa cha ustadhi aliyefunga

Mwisho wa mwezi wa Machi, siku chache baada ya Idi, ustadhi mmoja wa Lamu alianguka ndani ya korongo la Nyari, kule Marafa, mbele ya wanafunzi wake wa madrasa. Ni mtu wa makamo, ana presha, na vidonge vyake havimpiti. Alipona. Alilazwa hospitali Malindi usiku mmoja, akatundikiwa maji, na kesho yake jioni alikuwa ndani ya basi la kurudi Mokowe, penye gati ya kuvukia kwenda Lamu.

Kwa kuwa alipona, kisa kimegeuka cha kuchekeshana barazani, na kila anayekisimulia ana wake wa kumlaumu: jua, kijana aliyewaongoza, funga, au ustadhi mwenyewe na ubishi wake. Mimi huwafundisha huduma ya kwanza madereva na vijana wanaoongoza wageni hapa Malindi. Nimezungumza na kijana huyo, na dereva, na mwalimu wa kike aliyekuwa kwenye msafara, kisha tukakichambua kisa chote darasani. Majina nayaacha. Kauli yangu ni kwamba ustadhi hakuponzwa na lolote lililotokea chini korongoni. Aliponzwa na mazungumzo mafupi yaliyofanyika juu, ukingoni, watu wakiwa kivulini na akili zao timamu.

Kwanza pajulikane mahali penyewe. Marafa iko Magarini, kaunti ya Kilifi, ng'ambo ya mto Sabaki kwa anayetoka Malindi. Watalii wanapaita Hell's Kitchen. Unatembea kwenye ardhi tambarare, mashamba na nyumba za watu, mara ardhi inakatika mbele ya miguu yako. Chini kuna minara, kuta na ncha za mchanga ulioshikana: tabaka nyekundu, za rangi ya chungwa, za njano na nyeupe. Wekundu ule ni kutu ya chuma kilichomo mchangani. Kwa macho unadhani ni mwamba, lakini ukiukwaruza kwa ukucha unatoka unga, na ndiyo maana waongozaji wanawakataza wageni kupanda minara au kusimama kwenye midomo ya ukingo. Wenyeji wana hadithi yao, ya familia iliyotajirika kwa ng'ombe hata ikawa inaoga maziwa, mpaka ardhi ikaimeza. Weupe ni maziwa yao na wekundu ni damu yao. Ustadhi alikuwa akiwasimulia watoto hadithi hiyo hiyo alipoanza kuharibikiwa, na nitairudia sehemu hiyo kwa sababu ndiyo yenye mafunzo kuliko zote.

Anayepaona pichani hudhani ni jangwa. Si jangwa. Mvua inanyesha, tena mvua ndiyo fundi aliyeichonga minara ile, na kila masika inamega ukingo kidogo kuurudisha nyuma. Jambo hili lina uzito kwenye kisa chetu. Jangwani hewa ni kavu, jasho likitoka linakauka papo hapo na mwili unapoa. Huku kwetu hewa ya kaskazi ina unyevu wa bahari. Jasho linatoka, linatiririka, linalowesha nguo, na halikauki. Jasho lisilokauka halipozi chochote, linapoteza maji ya mwili tu. Ukishaingia korongoni hata upepo hupati, kwa kuwa kuta zinauzuia, na mchanga mweupe unakurudishia mwanga usoni kutoka chini. Watu wa Lamu wamezoea joto, hilo hakuna mbishi. Lakini joto walilolizoea ni la vichochoro vyenye kivuli na upepo wa baharini unaopenya mpaka uani.

Ratiba iliandikwa Lamu, na kwenye karatasi haikuwa mbaya. Boti alfajiri hadi Mokowe, basi la kukodi kupitia Witu na Garsen, kufika Marafa saa nne asubuhi, saa tano na nusu waondoke, chakula Malindi saa nane, jioni magofu ya Gede. Barabara ile, kama anavyojua kila aliyeipita, ina ukaguzi wake, na watu hushuka, huonyesha vitambulisho, hupanda tena. Hapo ukaliwa muda. Kabla ya kufika Garsen gurudumu likapata pancha, na spana iliyokuwamo garini haikuwa saizi yake. Wakafika Marafa saa tano na nusu, saa ambayo ratiba ilisema wawe wanaondoka.

Kijana aliyewapokea ni Mgiriama wa kijijini hapo, umri wa ishirini na kidogo, anaijua kila njia ya kushukia. Aliwaweka chini ya mti, akawakaribisha, kisha akamgeukia kiongozi wao.

"Ustadhi, jua limeshakuwa kali. Mngetazama kutoka hapa juu, au mpumzike mpaka saa kumi niwashushe."

"Mwanangu, watoto wametoka Lamu kabla ya kucha. Niwaambie wamekuja kuchungulia shimo? Tushuke haraka haraka, tupande."

Kijana akanyamaza. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza, naye akanijibu kwa swali: "Wewe ungemwambiaje mtu kama yule?" Kweli, mtu mzima, mwalimu wa dini, kanzu na kofia yake, watoto thelathini wanamtazama. Kijana wa mahali angemkatalia kwa ulimi gani? Adabu tuliyolelewa nayo ina jibu la haraka kwa hali kama ile, nalo ni kutii. Hapa ndipo penye kisa chote.

Kisha likafuata la pili. Kijana alikagua maji, kila mtoto alikuwa na chupa yake ndogo, ila ustadhi hakuwa nayo. Akampa ya kwake. Ustadhi akasema, "Ahsante, baadaye." Kijana akadhani ni uungwana tu. Kumbe ustadhi alikuwa amefunga zile sita za Shawwal, funga ya hiari ya mwezi unaofuata Ramadhani, na hakutaka kuitangaza ibada yake mbele ya watu, jambo ambalo kwa Mwislamu ni la kusifiwa. Alikula daku, akameza kidonge chake cha presha pamoja na glasi ya maji, na hakikuingia kitu tena. Na kidonge chenyewe kilikuwa cha aina ile inayomfanya mtu aende haja ndogo mara nyingi, yaani kazi yake hasa ni kupunguza maji mwilini. Kwa hiyo alisimama ukingoni akiwa amekaa muda wa saa saba bila maji, na ana dawa inayokamua maji tumboni, na mtu pekee aliyeyajua yote mawili ni yeye mwenyewe.

Wakashuka.

Korongo ni kinyume cha mlima, na wengi hawalifikirii hilo. Anayepanda mlima huchoka mwanzo, na akizidiwa anageuza, njia ya kurudi ni ya mteremko. Anayeshuka korongoni huanza na raha. Miguu inakwenda yenyewe, watoto wanacheka, kila kona ina mnara mpya wa kupigia picha. Mtihani umewekwa mwishoni, mtu akishachoka na jua likiwa limefika kileleni. Na kilele cha jua hapa kwetu hakiji saa sita kamili. Saa zetu zimepangwa kwa mstari ulio mashariki ya Malindi, ndani ya bahari, kwa hiyo mwezi wa Machi jua linafika katikati ya mbingu karibu na saa sita na nusu. Tena Malindi iko nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, na mwisho wa Machi jua hilo linakaa karibu juu ya utosi. Mnara mrefu kuliko nyumba ya ghorofa unatoa kivuli kisichotosha kufunika miguu ya mtu aliyekaa. Walishuka saa sita kasorobo. Walipogeuka kurudi ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Hata mtu akikaa chini na kupanga kwa makusudi, hapati saa mbaya zaidi ya ile.

Sasa ile hadithi. Mwalimu wa kike anasema ustadhi alikuwa amesimama mbele ya ukuta mweupe akiwaeleza watoto habari za wale waliooga maziwa, na ubaya wa israfu. Akaimaliza. Akatembea hatua chache, akasimama, akaianza upya. Watoto wakacheka, wakidhani anatania. Mmoja wao, binti wa miaka kumi na mbili, hakucheka. Alikwenda kwa mwalimu akamwambia, "Ustadhi ananiita jina la mtu mwingine." Dakika mbili baadaye ustadhi alikuwa akishikilia kwamba njia ya kupandia ni kwenye kijia cha kushoto, ambacho kinaishia ukutani, na kijana alipomwelekeza kulia alimkemea. Mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti! Kisha goti likamlegea, akakaa, akalala ubavu.

Binti yule aliona kabla ya watu wazima wote. Darasani kwangu huwa nauliza dalili ya kupigwa na jua ni ipi, na jibu la haraka ni lile lile kila mara: ngozi inakauka, jasho linakatika. Kwa mzee aliyekaa ndani ya chumba chenye joto huenda ikawa hivyo. Kwa mtu anayetembea, jasho linaweza kuendelea kutoka mpaka anaanguka. Kanzu ya ustadhi ilikuwa imemgandia mgongoni kwa jasho, na wawili kati ya wenzake walijipa moyo kwa hilo hilo, kwamba maadamu anatoka jasho hali si mbaya. Dalili ya kuiogopa iko kichwani: kurudia maneno, kukosea majina, kukasirika bila sababu, kupepesuka kama mlevi. Joto la ndani ya mwili likifika nyuzi 40 hivi, ubongo ndio unaoanza kusema. Hakuna aliyekuwa na kipimajoto, wala hakikuhitajika. Mtu aliyekuwa na akili zake asubuhi, yuko juani, na sasa anababaika, mhesabu kuwa amepigwa na jua na uanze kumpoza.

Walichofanya kwanza ni kumbeba. Nawaelewa, maana kila mtu anataka kumtoa mgonjwa kwenye mahali pabaya. Wanaume wanne, kijana akiwa mbele, wakamnyanyua kuelekea njia ya kupandia, mchanga ukiporomoka chini ya viatu, jua likiwachoma wote watano. Walifika kama robo ya njia wakamshusha, pumzi zimewaishia, na yeye hajapoa hata chembe. Muda wote ule mwili wake ulizidi kuiva. Kuna aliyetoa panadol mfukoni. Panadol hushusha homa kwa sababu homa huletwa na mwili wenyewe. Joto la jua halina habari nayo.

Hapo mwalimu wa kike akashika usukani. Aliwaambia wamlaze pale pale, chini ya ukuta palipokuwa na kivuli cha kumtosha kichwa na kifua. Akavua mtandio wake wa juu, wasichana wawili wakatoa leso, watu watatu wakazishika juu yake zikawa hema. Akamfungua vifungo. Chupa za watoto zikakusanywa, maji yakamwagwa shingoni, kwapani, kifuani, kwenye mapaja, na juu ya kofia. Wavulana wakampepea kwa makasha ya vitafunio waliyoyapasua. Kijana akampigia simu dereva, dereva akaja mbio na jerikeni la lita ishirini alilolibeba kwa ajili ya rejeta, akaanguka mara mbili njiani, na kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kushuka kule kabla wala hatarajii kushuka tena.

Maji ya rejeta ndiyo yaliyomwokoa, na sina haja ya kupamba. Maji juu ya ngozi na upepo wa makasha vilifanya kazi ambayo jasho lilishindwa. Kanuni tunayofundisha ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye, na nusu saa ya mwanzo ndiyo yenye faida. Aliyeanguka baharini unamtoa majini kwanza. Aliyepigwa na jua, ukiwa na maji mkononi, hutakiwi kumpeleka popote kabla hujayatumia.

Baada ya muda akafumbua macho vizuri, akamwita mwalimu kwa jina lake sahihi. Mwalimu akamwinulia chupa. Ustadhi akatikisa kichwa: "Nimefunga."

Ndipo wakajua.

"Ustadhi, ni Sita hizo, ni sunna. Fungua."

"Tukifika juu."

"Hatufiki juu. Fungua sasa hivi."

Akafungua. Wengine wamelishangaa jibu lake la kwanza, mimi silishangai. Mtu aliyezoea kufunga miaka yote haoni kiu kama hoja. Lakini yeye mwenyewe ndiye anayewafundisha watoto kwamba katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, mwenye funga ya sunna ana hiari ya kuivunja bila dhambi na halazimiki kuilipa. Hata ingekuwa faradhi, mwenye kuhofia nafsi yake anafungua. Elimu ilikuwamo kichwani mwake, ila joto lilikuwa limeshampokonya ufunguo, na ilibidi mtu mwingine amsomee fat'wa yake mwenyewe. Zingatia pia kwamba mwalimu alisubiri mpaka azungumze sawasawa ndipo akamnywesha. Anayebabaika au kusinzia hamiminiwi maji mdomoni, yatapita njia ya pumzi.

Walilingoja jua lishuke. Saa tisa na ushei, ukuta wa magharibi ulipoanza kutoa kivuli cha maana, wakampandisha taratibu, wakipumzika kila baada ya hatua chache. Watoto walikuwa wameshatangulizwa juu mapema na mwalimu wa pili, wakanunuliwa madafu, na hilo nalo niliseme: dafu ni zuri, lina maji na madini, lakini chumvi yake ni kidogo, na chumvi ndiyo inayotoka na jasho. Aliyetoka jasho jingi anywe dafu na ale kitu chenye chumvi, au achanganye ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Isipokuwepo ya pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Turudi ukingoni, maana huko ndiko nilikosema kisa kilipo. Darasa langu liligawanyika. Madereva walisema kijana alipaswa kukataa, basi. Vijana waongozaji walicheka, cheko la mtu anayejua bei ya jambo. Wageni wakikataliwa hawabaki kusubiri saa kumi. Wanapanda basi, na kijana aliyekesha akiwangoja anarudi nyumbani mikono mitupu. Ukimwambia awe jasiri unamwambia alipie ujasiri huo kwa chakula cha watoto wake. Kwa hiyo adabu peke yake haikumfunga mdomo. Tumbo lilikuwa linaisaidia.

Mimi sioni faida ya kumfundisha kijana wa miaka ishirini na mitatu namna ya kubishana na mzee. Atashindwa, na pengine ni vizuri ashindwe. Kinachofaa ni kumwondolea ubishi wenyewe. Saa iandikwe ubaoni kwa herufi kubwa pale wanapolipia: kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni hakuna kushuka, ni kutazama kutoka juu. Na malipo ya kutazama kutoka juu pamoja na mwongozaji yawe yale yale ya kushuka. Hapo kijana hamkatalii mtu. Anaonyesha ubao, na mzee anabishana na ubao. Kutazama kutoka juu nako si hasara. Korongo lote linaonekana, na watoto wanaweza kuhesabu tabaka za rangi vizuri kuliko wakiwa katikati yake wamezungukwa na ukuta.

Maswali mawili pia yaulizwe kabla ya kushuka hata kwa wanaokuja jioni, na yaulizwe pembeni, si mbele ya kundi: kuna aliyefunga? kuna anayemeza dawa za presha au za kukojoza? Mtu anayeficha ibada yake hatajibu hadharani, lakini ukimvuta kando kwa heshima, ukamwambia unauliza kila mtu, atakujibu. Kijana wetu ameanza kuuliza hivyo. Anasema wazee wengi hufurahi kuulizwa, na mmoja alimjibu kwamba hajafunga bali ana goti, akabaki chini ya mti.

Hatari ya mvua sikuitaja, kwa kuwa siku ile mbingu ilikuwa kavu, ila ubao huo huo uibebe. Septemba 2019, kule Hell's Gate, Naivasha, maji ya ghafla yaliyotokana na mvua ya mbali yaliwakuta watu korongoni na kuwaua. Marafa nayo ni njia ya maji.

Madrasa ile imeshapanga safari nyingine. Safari hii wanalala Malindi kwanza, wanakwenda Gede asubuhi kwenye miti, na Marafa wanafika saa kumi, jua likiwa la upande na minara imewaka. Dereva ndiye anayepinga. Anasema jua linazama saa kumi na mbili na nusu, watoto watachelewa kupanda, naye hataki kurudi Malindi usiku na ng'ombe barabarani. Ana haki. Wamekubaliana kwamba ikifika saa kumi na moja na nusu kijana anapiga filimbi, na filimbi ikilia kila mtu anaanza kupanda, ustadhi akiwa wa kwanza.